Shokapu za Jeuri

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikaanikwa juani mpaka ikakauka. Anayebisha na aulize mtaa mzima, kuanzia kinyozi hadi paka wa kinyozi. Msimulizi hajaongeza chumvi, kwa sababu daktari alishamkataza chumvi.

Alikuwepo fundi wa vioo, mama mtu mzima, mjane, ambaye mtaa wote ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, maana aliwakaripia wote bila ubaguzi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichotazama barabara. Ndani mlikuwa na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu, na vioo vimeegemea ukuta, kimoja nyuma ya kingine, kama watoto wanaosubiri kuchanjwa. Kalamu yake ya kukatia vioo ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Na nje ya mlango, usiku na mchana, masika na kiangazi, ilisimama pikapu yake.

Pikapu ile ilikuwa na jina, nalo ni Jeuri. Ilikuwa ya zamani, ya enzi ambazo chuma kilikuwa chuma kweli. Mlango wake ukifungwa kwa nguvu, kuku wa jirani hutaga kabla ya siku yake. Marehemu mumewe Shangazi aliiongezea springi za nyuma, vyuma juu ya vyuma, ili ibebe vioo vizito. Tangu siku hiyo Jeuri lilitembea limebinua makalio kama bata anayetafuta kitu matopeni.

Springi ndizo hubeba mzigo. Shokapu kazi yake ni kuzituliza, zisiendelee kurukaruka baada ya shimo. Shokapu za Jeuri zilikuwa zimekufa zamani. Zilivuja oili yote zikabaki zikining'inia kama soksi kwenye kamba. Gari likipita tuta asubuhi, liliendelea kuitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka wakati wa chakula cha mchana. Watu walisema mambo yao mbele yake ili wapate wa kuwaunga mkono. Lakini mzaha uliisha siku vioo vya duka la viatu vilipofika vikiwa changarawe. Mwenye duka akavitazama, akamtazama Shangazi, akaomba ufagio.

Habari zikamfikia mwana wa kwanza wa Shangazi, ambaye kila mtu humwita Bosi ingawa hajawahi kuajiri hata inzi. Akaja karakana amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama katikati ya vioo kwa tahadhari, kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa.

"Mama, shikamoo. Nimeongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Jumamosi anakuja na winchi."

"Marahaba. Anakuja kununua nini? Au anauza hiyo winchi yake?"

"Anakuja kuchukua Jeuri."

Shangazi hakuinua uso. Alikuwa anafuta kioo kwa gazeti. "Na mimi je? Hana mfuko wa kunitia?"

"Mama, usinielewe vibaya. Umefanya kazi ya kutosha. Kazi ya zahanati tutakodi gari la rafiki yangu, mimi nitasimamia, wewe utakaa nyumbani upumzike."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Magoti yako, mama. Yanasikika mpaka barabarani."

"Magoti yangu yanaimba. Wewe hujawahi kuwa na sikio la muziki."

Lakini neno lilimwingia. Kazi ya zahanati mpya ilikuwa madirisha yote, vyumba vyote, kazi kubwa kuliko aliyowahi kupewa. Fundi vioo asiye na gari ni mpishi asiye na moto: leo anakodi gari la rafiki wa mwanawe, kesho anasimamiwa, kesho kutwa anaulizwa kama amekunywa dawa zake. Alijua njia hiyo inakoishia. Dada yake alikwishapelekwa huko, na sasa anaomba ruhusa ya kwenda sokoni.

Akaweka gazeti chini. "Nisikilize, wewe niliyekuzaa kwa uchungu na ukatoka unalalamika. Jumamosi nitapeleka vioo vya zahanati kwa Jeuri, kwa barabara ile ile ya mashimo. Kikifika kioo hata kimoja na ufa, hata ufa wa unywele, nitakupa ufunguo kwa mkono wangu, na nyumbani nitakaa. Vikifika vizima, neno 'uza' lisitoke tena kinywani mwako, hata ukiwa unaota."

"Mama, gari lile ni maiti."

"Basi njoo Jumamosi uone maiti inavyoendeshwa."

Kesho yake Shangazi akaenda duka la spea, akifuatana na fundi wa magari aliyeitwa Taratibu. Huyo Taratibu alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alipooa, inasemekana alizunguka meza ya harusi mara mbili akikagua miguu yake. Mwenye duka naye aliitwa Mchana Kweupe, kwa sababu hakuwahi kumwibia mtu usiku.

"Karibu Shangazi! Leo nikupe nini?"

"Nipe shokapu ngumu kuliko zote ulizonazo."

Taratibu akakohoa. "Shangazi, si ngumu tu. Inategemea gari na mzigo..."

"Nimevunja vioo kwa sababu gari linalegea. Dawa ya kulegea ni nini? Kukaza. Mchana Kweupe, leta."

Zikaletwa. Zilikuwa nene kama paja la mcheza mieleka, zimetengenezwa kwa ajili ya lori la mchanga. Mchana Kweupe alijaribu kuibonyeza moja mbele ya mteja, ikagoma, akaikalia, ikagoma, akajifanya alikuwa anapumzika tu.

"Hizo ni za lori," alinong'ona Taratibu.

"Na Jeuri ni nini, kigari cha mtoto? Funga."

Taratibu akafunga, kwa sababu kubishana na Shangazi kulikuwa sawa na kubishana na mvua. Shangazi akasimamisha kioo kimoja kibovu kwenye fremu ya nyuma, kioo cha majaribio, akapanda, akawasha. Jeuri likatoka likiruka kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Kila kokoto lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno ya dereva. Lilikanyaga ganda la ndizi, na Shangazi akajua ndizi yenyewe ilikuwa imeiva. Hajafika kona, nyuma kukasikika *chwaa!* Kioo cha majaribio kilikuwa kimekwisha.

Akarudi polepole, akashuka, akaanza kufagia vipande. Fundi naye alikuwa na busara ya kujifanya anatafuta spana.

Alasiri hiyo Shangazi alikuwa na dirisha dogo la kinyozi la kutia kioo. Akakata kioo, kama kawaida yake, kikiwa kidogo kuliko fremu, nafasi ya unene wa njiti ya kibiriti pande zote, akaanza kupaka laki, ule udongo laini wa kubandikia vioo, kwa kidole gumba. Mikono ilifanya yenyewe. Ilikuwa imefanya hivyo maisha yake yote. Kisha kidole kikasimama. Fundi wa vioo yeyote anajua: kioo ukikibana pande zote kikakosa pa kupumulia, jua likiwaka tu kinajipasua chenyewe, hata asikiguse mtu. Ukikiacha kinacheza sana, upepo unakivunja. Kinatakiwa kiachiwe nafasi, na hiyo nafasi ijazwe kitu laini kinachokubali na kukataa.

"Taratibu!" aliita kwa sauti iliyomwangusha kinyozi kutoka kitini. "Taratibu, njoo hapa! Nimekibana kioo kwenye fremu!"

Fundi akaja mbio, akatazama dirisha. "Mbona kiko sawa, Shangazi?"

"Si hiki! Jeuri! Nimelibana Jeuri! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulikohoa. Kukohoa si kusema. Siku nyingine nipigie kelele."

Wakazifungua shokapu za lori, wakarudi dukani. Mchana Kweupe akaonyesha kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake: kitu kikitoka dukani hakirudi.

"Mwanangu," alisema Shangazi, "mimi sitaki unirudishie kitu. Nataka nibadilishe."

"Shangazi, kibao hicho."

"Nimekiona. Maandishi mazuri." Akavuta kopo tupu la rangi, akaliweka mlangoni kabisa, akaketi, shokapu mbili mapajani kama mapacha. Akaja mteja wa kwanza. "Karibu, baba. Ingia tu. Ila kumbuka, hapa ukipewa kisichofaa unazikwa nacho." Mteja akasimama. Akaja wa pili. "Karibu, mwanangu. Una ndugu wa kukufuatilia?" Wa pili naye akasimama. Wa tatu alikuwa mama mwenye haraka, akauliza kuna nini, akaelezwa yote tangu mwanzo, pamoja na ganda la ndizi. Muda si muda mlango ukawa na mkutano, na wateja wa duka la jirani wakaanza kuhamia upande huu ili wasikie vizuri.

"Shangazi, ingia!" alifoka Mchana Kweupe. "Ingia ubadilishe, unanifungia duka!"

"Sasa umeongea kama mtoto aliyelelewa."

Mchana Kweupe akampangia shokapu kwenye kaunta. Za kwanza ziling'aa kwa rangi nyeusi, nzuri za kutamanisha. Shangazi akashika kalamu yake ya shingoni, akaikwaruza moja kidogo tu. Rangi ikabanduka kama ngozi ya kiazi, chini yake kutu tupu.

"Hii ilishazikwa," alisema. "Nani kaifufua?"

"Hizo zimechanganyika kwa bahati mbaya."

"Naona. Bahati mbaya yako mchana kweupe."

Za pili zilikuwa za oili tupu. Akazibonyeza, zikaingia, zikabaki humo humo, zikisubiri kuvutwa. Taratibu akaeleza, safari hii bila kukohoa: hizi si mbaya, lakini kwenye barabara ya mashimo mfululizo oili inapata moto, inatoa povu, na shokapu inalegea katikati ya safari. Za tatu zilikuwa na oili na gesi, mwili mnene, ugumu wa wastani. Shangazi akabonyeza moja kwa viganja viwili. Ikaingia kwa heshima, bila kukurupuka. Akaachia. Ikapanda yenyewe polepole, kama mtu anayeamka bila kuitwa.

Akairudia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwanawe amtembelee. "Hii inajua laki ni nini."

"Nikufungie zote nne?"

"Ngoja," akasema Taratibu. "Urefu. Nilipiga jeki nikapima, magurudumu yakining'inia. Vipimo hivi hapa."

"Ulipima gari likiwa tupu linaning'inia?" Shangazi akamgeukia. "Taratibu, mwanaume huwa anapimwa suruali akiwa ametundikwa msumarini?"

"Huo ndio urefu wa mwisho wa kunyooka, Shangazi. Unatakiwa."

"Sawa, unatakiwa. Na wa kukunjika je, gari likiwa na mzigo wake? Jeuri halitakwenda zahanati tupu."

Taratibu akakiri kwamba nusu ya vipimo haikuwepo. Tatizo ni mzigo. Kupakia vioo vya kazi kwenye gari lisilo na shokapu ili tu kulipima kulikuwa ni kumtuma paka akalinde maziwa. Shangazi akarudi, akasimama mlangoni mwa karakana, akatazama mtaa, akapiga makofi.

"Jamani! Nataka watu wazito!"

Wakaja. Mtaa haukosi watu wa kuja. Shangazi alijua uzito wa kila kioo kwa mkono, akaanza kuwapanga nyuma ya pikapu kama anayepanga oda. "Kinyozi, wewe ni kioo kimoja, tena chembamba. Panda. Wewe, viwili. Panda. Mama Kona, wewe panda katikati, wewe ni vinne."

Mama Kona, ambaye aliuza chai pembeni ya barabara na hakuwahi kupunjwa na mtu, akasimama mguu mmoja juu mguu mmoja chini. "Vinne? Shangazi, vinne?"

"Vya sebuleni, mdogo wangu. Vile vya heshima."

"Nasema mimi ni viwili na nusu."

"Sema uwezavyo, springi itasema ukweli."

Mama Kona akapanda. Jeuri likashuka na kutoa mguno wa chini, na watu wote nyuma wakasema "aaah" kwa pamoja. Mama Kona akatangaza kwamba ni kinyozi ndiye aliyesababisha. Chini ya gari, Taratibu amelala chali na utepe wa Shangazi wa kupimia madirisha, akipiga kelele vipimo, huku juu wakiimba na kuyumba mpaka Shangazi akawatishia kwa rula. Hata kuku wawili walipanda wenyewe, na ilibidi wahesabiwe.

Vipimo vikaonyesha jambo ambalo marehemu aliliacha bila kumwambia mtu. Kwa springi zile za kuongeza, nyuma ya Jeuri ilikuwa juu kuliko lilivyotoka kiwandani. Shokapu za kawaida za gari hilo zingetosha mbele. Nyuma zingekuwa zimenyooka mpaka mwisho hata kabla ya safari, na shimo la kwanza lingezing'oa. Nyuma lilitaka ndefu zaidi. Mchana Kweupe akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa, akashusha boksi lenye vumbi la miaka, ndani mkiwa na jozi ndefu, za gesi, ugumu ule ule wa wastani. Tundu lake la chini lilikuwa pana kuliko bolti ya Jeuri, lakini Taratibu akachonga bushi za mpira mpya, akazipima, akazipima tena, akaenda kunywa maji, akarudi akazipima. Ijumaa jua likizama Jeuri lilikuwa limesimama kwa miguu yake.

Jumamosi asubuhi mnunuzi wa chuma akaja mapema na winchi yake, akaegesha mbele ya karakana kabisa, injini ikiunguruma kama fisi mwenye njaa. Vioo vilikuwa vimeshapakiwa, vimesimama wima kwenye fremu, blanketi kati ya kimoja na kingine, mikanda imekazwa kiasi, si sana. Bosi akapanda mbele, karibu na kidirisha cha nyuma, sikio limebandikwa pale. Shangazi akapiga honi, akampita mwenye winchi kwa upana wa kiganja, akamwambia kupitia dirishani, "Usizime injini, baba, utachelewa kurudi kwenu."

Sasa barabara ile. Kuna watu wanasema ina mashimo; si kweli, ni shimo moja refu lenye vipande vya barabara ndani yake. Mahali pamoja, bata walikuwa wameweka makazi na walitoka kuwasalimu. Jeuri likaingia, likainama, likainuka, likatulia. Mara moja tu. Halikuitikia "ndiyo" ya pili. Shangazi alihisi kupitia usukani lile jambo alilolijua kwa kidole gumba: linakubali, kisha linakataa. Kwenye bonde baya kuliko yote, shemeji yake, mdogo wa marehemu, mstaafu mwenye heshima zake, alikuwa ameketi katikati na kikombe cha chai kilichojaa pomoni, na hakikumwagika hata tone; aliendelea kunywa huku akitoa nasaha.

Walipopanda upande wa pili, nyuma kukasikika *tik!*

"Umesikia?" Bosi akaruka. "Mama, kimepasuka! Simamisha!"

"Sisimami."

"Mama, nimesikia kwa sikio langu!"

"Sikio lako hilo ndilo lililosema magoti yangu yanalalamika. Kaa chini."

Lakini aliubana usukani. Akaona sebule ya dada yake, kiti kilichowekwa karibu na dirisha, dawa kwenye kisahani. Hakupunguza mwendo, wala hakuongeza. Akasema tu, akiliambia gari na si mwanawe, "Twende."

Uani mwa zahanati, Bosi akashusha kioo kimoja kimoja yeye mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu. Kila kimoja alikiinua juani, akakigeuza, akapitisha ukucha ukingoni. Vyumba vya madaktari, vizima. Maabara, vizima. Wodi ya wazazi, kile kipana kuliko vyote, kizima. Alipofika cha mwisho akakuta chini ya fremu kifungio cha chuma cha mkanda wa mwisho kimekatika vipande viwili, kimelala kwenye blanketi. Ndicho kilichosema *tik*.

Akaviokota vipande vile viwili. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa akiba, ule aliokwisha kumwahidi mnunuzi wa chuma, akauweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Sasa?" aliuliza Shangazi.

"Sasa sisemi lile neno, mama."

"Vizuri. Shika upande huo wa kioo. Usikibane."

Na hapo hapo, akiwa amefika kwenye utamu wenyewe, msimulizi alikatishwa. Alikuwa akiyasimulia haya nje ya karakana, watu wamejaa mdomo wazi, Mama Kona ameacha birika, aliposikia sauti ikitoka ndani, kati ya vioo.

"Chai gani, shemeji?"

Msimulizi akajikuna kichwa. "Ile ya... siku ile, shemeji."

"Siku ile ulikuwa kwako umelala kifudifudi, mkeo akikukanda mgongo. Hukukanyaga gari langu, wala hakuna kikombe kilichopanda."

Kicheko kikapasuka. Kinyozi akalazimika kushika ukuta. Msimulizi akajaribu kusema kwamba roho yake ilikuwepo, lakini Shangazi alishatoka nje na funguo mkononi.

"Napeleka kioo cha saluni, ng'ambo ya bonde. Kwa kuwa wewe ni shahidi mkubwa wa shokapu zangu, panda nyuma ukishike. Mama Kona, mjazie kikombe. Pomoni, kama alivyosema."

Akapanda. Angefanyaje, mtaa wote unatazama? Kwenye tuta la kwanza chai ililowesha kifua. Kwenye la pili ililowesha mapaja, na ilikuwa ya moto. Walipofika bondeni kikombe kilikuwa kitupu, msimulizi analia kwa sauti ya heshima, na kioo cha saluni kimesimama kando yake bila hata mtetemo.

Shangazi akatoa kichwa dirishani, bila kusimamisha gari.

"Mimi niliahidi vioo, shemeji! Chai yako nani aliiapia?"